Kumanifesti, dua, au kukaa na kikwazo chako: ushike ipi?

Nianze na swali lenyewe maana ndilo lililonileta. Watu wanauliza walipie kozi ya kumanifesti, yani kuvuta unachokitaka kwa kukiwaza, au wasilipie, na wanaouliza sio watu wa kuchekwa. Yupo dada wa Sinza anatafuta fremu ya kuuzia nguo za watoto huu mwaka wa pili, yupo kijana kamaliza chuo bahasha ya vyeti imeshakuwa laini kama chapati kwa kuzungushwa maofisini Posta, yupo mama wa Mbagala ambaye marejesho ya mkopo yanamkaba kila wiki. Wote wameshaziona zile klipu, mtu kaegemea gari huko Masaki anasema hili nililiita tu likaja, alafu chini kuna namba ya kulipia darasa.

Mi nimeamua kuziweka njia tatu pamoja nizipime. Na sizipimi kwa jinsi zinavyokufanya ujisikie, kwa sababu zote zinakufanya ujisikie vizuri, hata soda baridi inakufanya ujisikie vizuri. Nazipima kwa maswali mawili: kesho asubuhi inakufanyisha nini, na siku ikikwama lawama anabebeshwa nani. Hilo la pili ndo watu hawaliulizi kabla ya kulipa.

Njia ya kwanza ni hiyo ya kumanifesti, wengine wanaiita sheria ya mvutano. Inasema mawazo yako yana mtetemo na ulimwengu unakurudishia vitu vyenye mtetemo uleule, ukiwaza neema inakuja neema, ukiwaza madeni yanakuja madeni. Zana zake mnazijua: ubao wa picha ukutani, daftari la shukrani, kuandika ombi lako mara 3 asubuhi mara 6 mchana mara 9 usiku, kujisemesha kwenye kioo, na lile sharti kubwa la kuishi kama vile umeshapata. Njia ya pili ni dua na maombi, nazungumzia yale ya kawaida ambayo bibi zetu wameyafanya maisha yao yote, yale ya mafuta ya kuuzwa na maji ya chupa nitayagusa baadae kidogo. Njia ya tatu haina hata jina zuri kwa Kiswahili kwahiyo naiita tu kukaa na kikwazo chako, imetoka kwa mwanasaikolojia mmoja Mjerumani anaitwa Gabriele Oettingen, anafundisha Chuo Kikuu cha New York na Hamburg, ameifanyia utafiti kwa miaka mingi sana. Unawaza unachokitaka, unaona raha yake, alafu hapohapo kabla raha haijapoa unajiuliza, ndani yangu mimi ni nini kinachonizuia? Ukikipata unakitazama usoni, unapanga kikitokea utafanya nini.

Zilikotoka, kwa haraka

Wauzaji wa kumanifesti wanapenda kusema hii ni elimu ya kale, ya mafarao, ya Babeli, wakubwa wakaificha. Ukiifatilia kwenye maandishi unaikuta Marekani karne ya 19, kwa fundi saa mmoja wa jimbo la Maine anaitwa Phineas Quimby aliyekuwa anatibu watu kwa kuwaaminisha kwamba ugonjwa unatokana na imani potofu ya mgonjwa mwenyewe, huyo akafa 1866 na wafuasi wakaendeleza. Mwaka 1906 William Walker Atkinson akatoa kitabu Chicago chenye hilo jina la sheria ya mvutano kabisa kwenye jalada, 1910 Wallace Wattles akatoa chake cha kutajirika, na hicho cha Wattles ndicho alichokuja kukisoma mtayarishaji wa vipindi vya tivii wa Australia, Rhonda Byrne, mwaka 2004. Miaka miwili baadae akatoa filamu na kitabu cha The Secret, kitabu kikauza nakala zaidi ya milioni 30. Sasa niambieni siri gani hiyo imeuzwa madukani miaka mia. Mwaka 2024 hata kamusi ya Cambridge ililichagua neno lao la kumanifesti kuwa neno la mwaka.

Kuwa changa sio kosa, hiyo njia ya tatu ni changa zaidi. Nayasema haya kwa sababu ya lile dai la ukale, mtu akishakudanganya umri wa bidhaa una haki ya kumuangalia mara mbili anapokutajia na kazi yake.

Kesho asubuhi unafanya nini

Tumchukue yule dada wa Sinza. Anataka fremu Mwenge, sio ndoto ya ajabu. Akiingia kumanifesti asubuhi yake itakuwa hivi: anaamka anaandika nashukuru kwa duka langu la Mwenge, nashukuru kwa wateja wangu, mara tatu, anafumba macho anajiona anafungua geti la fremu, anasikia harufu ya nguo mpya, anaona watoto wanavishwa. Mchana tena. Usiku tena. Na asiseme sina hela, hata mwenye nyumba akiuliza kodi, maana akisema sina ndo anavuta kutokuwa nayo. Raha anaipata kweli, hilo silibishi. Ila tatizo lipo palepale kwenye raha, na hapa sisemi kwa kukisia.

Mwaka 1991 Oettingen na mwenzake Thomas Wadden walitoa utafiti wa wanawake waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito. Waliwauliza mambo mawili tofauti ambayo sisi huwa tunayachanganya, la kwanza unatarajia kufanikiwa, la pili ukijiwazia mwisho wa hii safari picha zinazokujia ni tamu kiasi gani. Baada ya mwaka, waliokuwa na matarajio mazuri walipungua zaidi, sawa, hiyo inaeleweka maana mtu anatarajia kwa kuangalia alivyowahi kufanya huko nyuma. Lakini wale wa picha tamu, wanaojiona wembamba tayari wanapita mbele ya keki bila kugeuka, walipungua kama kilo 11 pungufu ya wale wa picha zenye wasiwasi. Alafu 2002 na Doris Mayer wakaja na wahitimu wa chuo Ujerumani wanaotafuta kazi, waliojiwazia zaidi wakiwa kazini na mambo yamenyooka, miaka miwili baadae walikuwa wametuma maombi machache, wameitwa kwenye kazi chache, na waliopata mishahara yao ilikuwa midogo. Kijana wa bahasha, hapo pasome tena.

Kwanini inakuwa hivyo? Mwaka 2011 yeye na Heather Kappes walipima mpaka shinikizo la damu la watu wanaojiwazia mafanikio, likashuka. Mwili unalegea, unapumzika, unajiona kazi imeisha. Ni ile hali ya mtu kutangaza kwenye stetasi kwamba mwaka huu najenga, anapokea hongera mia na ishirini, alafu ule moto wa kwenda kuulizia tofali bei gani unazimika taratibu.

Sasa dada huyohuyo akae na kikwazo chake. Anaanza palepale, fremu Mwenge, geti, harufu ya nguo, raha. Alafu anajiuliza ndani yangu ni nini kinachozuia, na ajibu kweli. Jibu la kwanza litakuwa hali ngumu, kilemba kikubwa (ile hela ya kuachiwa fremu), mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na hayo ni kweli wala hayakutokana na mawazo yake, ila swali ni la ndani. Akichimba anakuta mfano kila akishika hela ya mauzo ya mtandaoni ndugu akipiga simu hawezi kukataa, au anaogopa kwenda kuongea na madalali kwa sababu walishamuonesha dharau, au hajui kabisa faida yake ni shilingi ngapi kwa sababu hela ya biashara na hela ya mchele inakaa laini moja ya simu. Hiki cha mwisho kwa wauza nguo wengi ninaowafahamu ndo chenyewe. Kwahiyo anapanga kwa maneno ya ikitokea hivi nafanya hivi: mteja akituma hela ikiingia tu, kabla sijaweka simu chini, nahamisha ya mtaji kwenye laini nyingine. Kijisentensi kama hicho kimefanyiwa utafiti mwingi kuliko mnavyodhani, aliyekianzisha ni Peter Gollwitzer ambaye kwa taarifa yenu ndo mume wa huyo Oettingen, na 2006 yeye na mwenzake walikusanya majaribio 94 wakakuta kinasaidia watu kutimiza walichokusudia, na kinasaidia vya kutosha sio kidogo.

Na kuna jingine la wanafunzi wa UCLA, 1999, wale wenye mtihani. Kundi moja liliambiwa lijiwazie limepata alama ya juu linashangilia, jingine lijiwazie limekaa mezani linasoma, limezima redio, limewakatalia marafiki. La pili lilisoma masaa mengi na likafaulu zaidi. Kwahiyo kufumba macho na kuona picha sio uchawi wala sio ujinga, swali ni unaona nini humo ndani, unaona geti likifunguliwa au unajiona unasubiri dalali jua la saa saba huku umebeba maswali yako.

Dua kwenye kipimo hiki nitaipita haraka, kwa sababu inategemea muombaji. Waislamu hadithi ya ngamia tunaijua sote, mfunge kwanza kisha tawakal, yani mtegemee Mungu. Wakristo wana mtume Paulo na asiyefanya kazi asile. Wanaoomba wakakaa wapo, wanaoomba wakaenda kazini wapo, na sidhani kama dua ndo imewakalisha hao wa kwanza.

Ikikwama

Hapa ndo nataka tukae.

Kumanifesti ikikwama majibu yake ni yaleyale kila siku. Ulikuwa na shaka. Mtetemo wako ulikuwa wa chini. Uliandika kwa mikono lakini moyoni hukuamini. Uling'ang'ania sana, ulitakiwa uachilie, ila na wewe uliyeachilia sana unaambiwa hukutaka vya kutosha. Chunguza vizuri utaona hakuna tokeo hata moja linaloweza kuihukumu sheria yenyewe, ukipata ni sheria imefanya kazi, usipopata ni wewe. Sheria ya fizikia haina tabia hiyo, embe likidondoka juu tutasema sheria ina walakini, hatutasema embe halikuamini. Na kwa vile wanapenda kutaja fizikia, sumaku za sekondari zilitufundisha ncha zinazofanana zinafukuzana.

Kwenye fremu ya Mwenge hiyo ni hasara ndogo, mtu anajisikia vibaya anasonga. Peleka mantiki hiyohiyo wodini uone. Mtoto amezaliwa na selimundu, na selimundu ni ya kurithi, vinasaba vya baba na mama vimekutana, sasa huyo mtoto amewaza nini tumboni mpaka akavuta hayo maumivu? Ukisema kwamba ni mawazo ya mama basi umemuongezea mama wa watu mzigo juu ya mzigo, amekesha Muhimbili na mtoto analia mifupa alafu akirudi nyumbani anafungua simu anaambiwa hali yako ni kioo cha mawazo yako. Barbara Ehrenreich, mwandishi wa Marekani aliyeugua saratani ya matiti, alitoa kitabu 2009 kulalamikia hichohicho, kwamba wagonjwa wanashurutishwa kutabasamu na anayeonesha hasira au woga anaonekana anajiua mwenyewe.

Na hao wenyewe hawakuishia kwa mtu mmojammoja. Kwenye kile kitabu cha Byrne limo mpaka jibu la majanga ya watu wengi, kwamba kwa sheria hiyo lazima masafa ya mawazo ya hao watu yalikuwa sawa na ya tukio. Mimi nilivyolielewa hilo niliwaza Jangwani na bonde zima la Msimbazi, yale mafuriko ya Desemba 2011, watu wamepoteza ndugu, nyumba zimekwenda, wengine wakaishia kuhamishiwa Mabwepande. Walikuwa na masafa ya maji? Bonde ni la mafuriko, mto unajaa mchanga na taka, mvua ilikuwa kubwa, na watu walijenga pale kwa sababu ni karibu na Kariakoo na bei walikuwa wanaiweza. Kila kimoja hapo kinachunguzika na baadhi vinarekebishika. Ukishasema ni masafa, hakuna wa kuulizwa kitu, wala mipango miji, wala mtu wa takataka, wala mwenye kiwanja, wote wametoka mchezoni na aliyebaki ni marehemu na mawazo yake.

Dua iko tofauti kabisa kwenye kipimo hiki, na hapa ndo naona watu wa dini wanaochanganya mambo haya mawili wanapoteza kitu cha thamani bila kujua. Anayeswali istikhara anasema kama jambo hili ni kheri kwangu nipatie, na kama ni shari niepushe nalo na liepushe na mimi. Anayesali Baba Yetu anasema mapenzi yako yatimizwe. Yani ndani ya ombi lenyewe nafasi ya kukataliwa imeshawekwa, kwa heshima, bila muombaji kuwa mkosaji. Fremu ikikosekana anasema Mungu anajua, analia kidogo, anaendelea, hakuna anayemkagua alikuwa anawaza nini saa sita usiku. Unaweza usiwe muumini wa chochote bado ukaona huyo mtu amelindwa.

Ila sasa kuna maombi ya siku hizi, humo na yale ya mafuta na maji ya chupa, ambayo yametoka kwenye dua yakahamia kwa jirani, kumanifesti. Kiri ushindi, usikiri ugonjwa, ukitamka umepata, ukikohoa usiseme unaumwa, na usipopona imani yako haba. Mafundisho hayo ya kukiri yamepitia kwa wahubiri wa Marekani kama E. W. Kenyon na Kenneth Hagin, na wanahistoria wa dini bado wanabishana wale kina Quimby waliwaathiri kiasi gani, hilo siwezi kulimaliza mimi hapa. Kwa kipimo changu cha lawama yapo upande wa kumanifesti hata kama yanaimbwa kwa jina la Yesu.

Na kwa haki niwataje na wale wa vibao kwenye nguzo za umeme, kusafisha nyota, mvuto wa biashara, kurudisha mpenzi. Mganga naye ukikwama ana jibu, nyota yako imefungwa na mtu. Wewe unatoka salama, lawama inakwenda kwa shangazi au jirani mwenye macho mekundu, na tunajua kabisa huko Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa jibu la namna hiyo. Kwahiyo wanaosema kumanifesti ni uganga wa wasomi mi nawakatalia kidogo, mganga angalau hakulaumu wewe, ila madhara ya nje ni makubwa mno. Zote mbili napita mbali.

Njia ya kikwazo ikikwama je? Ina jibu moja la kuchosha: aidha kikwazo ulichokitaja hakikuwa chenyewe, rudi kachimbe tena, au jambo lenyewe kwa sasa haliwezekani, achana nalo. Hilo la achana nalo ndo silisikii popote kwenye kumanifesti. Tafiti za Oettingen zinaonesha mtu akiwaza lengo na kikwazo pamoja, kama uwezekano ni mkubwa anapata nguvu, kama ni mdogo anapunguza kasi na kuhamisha nguvu zake kwingine. Kuna watu wanahitaji sana kuambiwa hivyo, kuna mtu anamanifesti mume wa mtu huu mwaka wa nne.

Upande wa hela

Daftari ni bei ya daftari, hakuna shida. Shida ni kozi, alafu kozi ya ngazi ya pili, alafu kikao cha ana kwa ana, alafu safari. Mfano wa mbali kabisa ni James Arthur Ray, mmoja wa walimu waliotokea kwenye ile filamu ya 2006. Oktoba 2009 aliwaingiza watu zaidi ya 50 kwenye hema la mvuke wa moto karibu na Sedona, Arizona, watu waliolipa takriban dola 10,000 kila mmoja, akiwahimiza wavumilie, watatu wakafa. Mwaka 2011 alikutwa na hatia ya kuua kwa uzembe akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Sisemi mwalimu wako wa WhatsApp ni huyo, nasema tu kwamba ukishafundishwa kuwa woga wako ndo adui, ile kengele ya kichwani inayosema toka humu ndani unaifunga mdomo mwenyewe.

Wa karibu zaidi ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, uliotoka 2023, ulihoji watu zaidi ya 1,000. Wanaoamini sana kumanifesti walijiona wamefanikiwa zaidi na wakaamini watafanikiwa zaidi, ila kwenye vitu vya kuhesabika kama kipato hawakuwa juu ya wengine, na walivutwa zaidi na uwekezaji wa hatari na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa waliwahi kufilisika. Utafiti huo hauthibitishi kwamba imani ndo iliwafilisisha, inawezekana kabisa aliyefilisika ndo anakimbilia huko kutafuta matumaini, ila kwa vyovyote ni kundi ambalo mtu mwenye mpango wa kupanda hela leo uvune mara tatu mwezi ujao angependa kulipata limekaa ukumbi mmoja. Dar tunaijua hiyo lugha ya kupanda na kuvuna, DECI, ule mchezo wa upatu, ilizimwa 2009 na wapo waliokuwa wameuza mpaka vitanda.

Na lile sharti la kuishi kama umeshapata, hapa mjini linatekelezwa kwa mkopo. Simu ya macho matatu, gauni la kwenda kupiga picha ya mmiliki wa duka, yote kwa kausha damu, ile mikopo ya riba kali.

Mbona kwa fulani imefanya kazi

Kwa sababu fulani ndo aliyepewa maiki. Waliomanifesti wakakosa hawarekodi klipu, wangesimama wapi, mbele ya daladala? Pia ukianza kuwaza kununua IST, kile kigari cha Toyota, utaona IST kila kona ya Sinza, hazijaongezeka, zilikuwepo, macho yako ndo yamepewa kazi mpya, na hilo lina faida yake maana ukitafuta fremu kwa dhati utaona na karatasi ya fremu inapangishwa ambayo jana uliipita. Tena mtu aliyeanza kuandika anachotaka kila siku mara nyingi huwa ameanza na mambo mengine kimyakimya, amepunguza kulala, amepiga simu tatu, alafu sifa zote anaupa ulimwengu.

Lililo jema mle ndani nalichukua bila aibu. Daftari la shukrani ni zuri, Robert Emmons na Michael McCullough walionesha 2003 kwamba watu walioandika vitu vya kushukuru walijisikia vizuri zaidi na maisha yao kuliko walioandika kero. Ila shukuru kwa kilichopo. Kushukuru kwa duka ambalo halipo ni jambo jingine, na tafiti za raha nilizozitaja juu zinalihusu hilo.

Kwahiyo

Kijana wa bahasha, wewe kwangu shika njia ya kikwazo moja kwa moja, na kozi usilipie. Ukae uandike ni nini hasa kinakufanya utume maombi mawili kwa mwezi badala ya ishirini, kama ni aibu ya kukataliwa iandike aibu, na uipangie, nikipata ujumbe wa samahani nafungua nafasi inayofuata kabla sijala. Dua endelea nayo haigombani na hii.

Dada wa fremu, ubao wa picha uache ukutani kama unaupenda, ila chini yake bandika gharama zote, kilemba, kodi ya miezi sita, leseni, mzigo wa kwanza, hela ya TRA, na uanze kutenganisha zile laini mbili wiki hii. Kama bado unataka kozi, kabla hujatuma hela mpigie mwalimu umuulize kwa upole, nikimaliza masomo yote na fremu nisipate utaniambia nini? Asikilizwe mpaka mwisho. Akitaja shaka yako au mtetemo wako, hiyo hela peleka kwenye hisa za kikoba, na mwambie katibu mbele ya wenzako lengo ni kilemba cha Mwenge, watakuuliza kila kikao na hawataki maelezo ya masafa.

Mama wa Mbagala, samahani, kwako hakuna kati ya hizi tatu inayoshusha riba. Dua itakupa usingizi, na usingizi unauhitaji. Ila mkopo wako ni karatasi, itafute hiyo karatasi usome riba imeandikwa kwa mwezi au kwa wiki, alafu angalia kama huyo aliyekukopesha ana leseni, maana tangu ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 anayekopesha watu kama biashara anatakiwa awe nayo na Benki Kuu ina orodha. Kama hayumo kwenye orodha, usiende kumuona peke yako, nenda na mtu anayejua kusoma mikataba, hata mwenyekiti wa mtaa ni mwanzo.